Ukinzani wa umeme wa tishu: maana yake, na kazi yake katika kupima kinywa

Bibi mmoja jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga, jioni hukaa barazani na kijaluba chake kando: tambuu, popoo, chokaa, katu na tumbaku kidogo. Akishatafuna, tonge hulisukumia shavu la kushoto akaliacha hapo. Siku moja alicheka nikaona baka jeupe, upana wa ukucha wa kidole gumba, palepale tonge linapokaa. "Bibi, hilo lina muda gani?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, hata haliumi."

Kutouma ndiko kunakonitia hofu. Baka kama lile laweza kuwa sugu tu la shavu, na laweza kuwa seli zilizoanza kuharibika kabla ya saratani, wakati ambao mara nyingi hakuna maumivu. Macho ya daktari pekee hayatoshi kuyatenganisha. Njia ya uhakika ni kukata kipande kidogo cha nyama na kukitazama kwa hadubini, na wapo wanaosikia neno kukatwa wasirudi tena.

Ipo njia nyingine isiyokata: kifaa kinachopima ukinzani wa umeme wa tishu, yaani nyama ya mwili. Ukinzani ni kiasi ambacho kitu huzuia umeme kupita. Ndani ya seli na nje yake mna maji yenye chumvi, nayo hupitisha umeme vizuri. Kizuizi ni utando wa kila seli, mwembamba mno na wa mafuta. Umeme wa masafa ya chini, yaani unaogeuza mwelekeo polepole, haupenyi utando huo. Hulazimika kuzunguka seli kwa kufuata maji machache yaliyo katikati yake. Ule wa masafa ya juu, unaogeuka mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, huzivuka seli zenyewe.

Fikiria paa la makuti lililoezekwa na fundi hodari. Mvua haipenyi kwa kuwa makuti yamelaliana, tabaka juu ya tabaka. Ngozi laini ya ndani ya kinywa imejengwa hivyohivyo: seli za juu ni bapa na zimebanana. Ugonjwa ukianza, viini vya seli huvimba, seli hupoteza ubapa, tabaka huvurugika na nafasi kati yake hupanuka. Paa limeanza kuvuja. Umeme wa masafa ya chini hupata njia, ukinzani ukashuka. Kwa hiyo kifaa hakipimi saratani yenyewe, kinapima mpangilio wa seli. Naona hili ndilo la kushika kuliko yote.

Kifaa chenyewe hufanana na kalamu, na nchani kina elektrodi nne, yaani vipande vidogo vya chuma vya kupitishia umeme: mbili hupitisha mkondo mdogo usiosikika, mbili husoma volti. Hakuna sindano wala kisu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walianza na mlango wa kizazi, na kifaa kilichotokana na kazi hiyo hupima kwa masafa 14, kuanzia mizunguko 76 hadi 625,000 kwa sekunde. Mwaka 2014 walichapisha matokeo ya kinywa: mabaka yenye hatari kubwa yalisomeka tofauti na ngozi isiyo na ugonjwa.

Kinywa ni kigumu kuliko inavyodhaniwa. Kaakaa na fizi zina ngozi ngumu yenye ukinzani mkubwa. Chini ya ulimi ngozi ni nyembamba na ukinzani mdogo, bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana shavu la kushoto hulinganishwa na la kulia, si na fizi. Mate nayo hupitisha umeme juujuu. Kidonda cha kawaida chenye uvimbe huongeza maji kati ya seli, kikaonekana kibaya kuliko kilivyo, na baka lililokuwa nene sana laweza kupandisha ukinzani na kuficha kilicho chini yake.

Kwa hayo, kipimo hiki hakijachukua nafasi ya kisu, wala bado si sehemu ya kawaida ya uchunguzi wa kinywa. Baka au kidonda kinachopita wiki mbili bila kupona kionwe na daktari wa meno, kiume kisiume. Pale ambapo umeme unaweza kusaidia sana ni kwenye baka pana kama la bibi: sehemu mbaya kuliko zote yaweza kuwa pembeni, si katikati panapong'aa. Daktari akiligusa baka hatua kwa hatua, tarakimu zitamwonyesha zilipoporomoka, na hapo ndipo atakapokata.