Kuhuisha hadithi: Nancy Drew kutoka kitabuni hadi sinema ya leo

Kuhuisha ni kukitia kitu uhai tena. Katika filamu, maana yake ni kuchukua hadithi ya zamani inayojulikana, kuwabakiza wahusika na majina yao, kisha kuwaleta waishi zama za mtazamaji wa leo. Si mwendelezo, kwa sababu mwendelezo huanzia pale hadithi ya kwanza ilipoishia. Wala si kuirudia filamu ile ile kwa sura mpya.

Mfano ninaoupenda ni Nancy Drew, binti mpelelezi wa Marekani. Vitabu vyake vilianza kutoka mwaka 1930 kwa jina la Carolyn Keene, mtu ambaye hakuwepo. Wazo lilikuwa la Edward Stratemeyer, na vingi vya mwanzo viliandikwa na Mildred Wirt Benson, 23 kati ya 30 vya kwanza.

Tazama tukio moja katika kitabu cha kwanza. Wezi wanamfungia Nancy kabatini, katika nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, na kutokomea na samani. Anahangaika na kitasa, kinakataa. Anang'oa ule mti wa kutundikia nguo na kuufanya wenzo wa kubandulia bawaba za mlango. Mpe simu ya mkononi, tukio lote limekwisha: atapiga, polisi watakuja. Ndiyo maana anayehuisha hadithi ya upelelezi huanza na swali la simu. Ataimaliza chaji, ataupoteza mtandao, au atatafuta hatari ambayo simu haiwezi kuiondoa. Njia hiyo ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayostahili jasho la mwandishi.

Kisha kuna mlinzi wa nyumba ile, Jeff Tucker. Katika toleo la 1930 alikuwa mtu mweusi, mlevi, aliyechorwa kwa dharau. Kuanzia mwaka 1959 vitabu vya awali viliandikwa upya: sura 25 zikawa 20, Nancy akatoka miaka 16 hadi 18, na Tucker akageuzwa kuwa mzungu. Dharau iliondoka, lakini na mtu mweusi naye akaondoka hadithini. Hilo linaniuma hadi leo, kwani walikuwa na nafasi ya kumpa heshima yake wakaona rahisi kumfuta. Kwa hiyo anayesema filamu mpya "zimeharibu kitabu cha asili" aulizwe kwanza: asili ipi?

Kwenye sinema, Bonita Granville alimwigiza Nancy katika filamu nne za 1938 na 1939. Mbili za karne hii zimepita njia tofauti kabisa. Ile ya 2007, iliyoongozwa na Andrew Fleming, ilimwacha binti vile vile na kubadilisha dunia inayomzunguka. Emma Roberts anaingia Los Angeles na sketi yake ya mirabamiraba, adabu zake na kigari chake cha kizamani cha buluu, na wanafunzi wenzake wanamshangaa. Ya 2019, ya Katt Shea, ilimbadilisha binti mwenyewe: Sophia Lillis anapanda ubao wa magurudumu, na msiba wa mama yake bado ni mbichi, ilhali vitabuni mama alikufa Nancy akiwa mdogo na hazungumzwi sana.

Mimi naiona hii ya pili kuwa imehuisha kweli. Uhodari wa Nancy wa vitabuni hauna chanzo, ni hodari tu. Huyu wa 2019 ana jambo linalomsukuma: amehamishwa kutoka Chicago, hana mama, ana hasira, na anatafuta la kushika. Lakini kiini cha kitabu cha pili cha 1930, ambacho filamu hii imekifuata, hawakukigusa: nyumba kongwe, vitisho vya usiku ndani ya kuta zake, ngazi iliyofichwa, na binti anayeamini kwamba vitisho hivyo vinafanywa na mtu, si mzimu.