Maua Yakikilemea Kichaka: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

Mvua ya masika ikinyesha alasiri moja tu hapa Kakamega, haidranjia, kichaka cha maua makubwa ya mviringo, iliyokuwa imesimama asubuhi hulala chini, maua yake yamejaa maji kama sifongo. Hapo majirani huleta ushauri, na mwingine hukiumiza kichaka kuliko mvua yenyewe.

“Kifunge kabisa, kisitikisike.”

Hili huniuma zaidi, maana hufanywa kwa nia njema. Shina hunenepa kwa kutikiswa: upepo ukilipinda kidogo, nalo hujiongezea mbao na mizizi hujishika. Lililobanwa hadi juu hurefuka likiwa jembamba, na siku ukiondoa nguzo, linaanguka. Funga chini, karibu theluthi moja ya urefu wake. Nguzo ikae upande upepo unakotoka, hatua ndogo kutoka shinani isije ikakata mizizi, na kamba ipite kwa umbo la nane ili shina lisisuguane na nguzo. Mwaka mmoja ukiisha, ing'oe.

“Waya ndio hudumu.”

Waya hudumu, shina ndilo huumia. Likinenepa, waya huzama kwenye gome na kukata njia ya chakula kinachoshuka kutoka majanini hadi mizizini. Tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa vipande vipana ni bora, na bado uilegeze kila baada ya miezi michache.

“Fito yoyote inafaa.”

Fito mbichi ya mnyaa huota mizizi na kugombea chakula na ua lako, na utomvu wake ni hatari kwa macho. Tumia mwanzi mkavu.

“Kimeinama kwa kukosa mbolea.”

Mara nyingi ni kinyume chake. Mbolea ya kukuzia ikizidi, matawi huwa marefu na laini. Kivuli cha mwembe nacho hukifanya kichaka kijinyooshe kutafuta jua.

“Ukipogoa, unapoteza maua.”

Inategemea mmea. Waridi na bogainvilia huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo punguza matawi marefu maua yakishapukutika. Haidranjia ya majani mapana hubeba vitumba kwenye matawi ya msimu uliopita. Ikate mara tu maua yanapochakaa, juu ya jozi ya kwanza ya macho yaliyonona, yaani vinundu vya tawi vinavyotoa chipukizi. Kabla vitumba havijafunguka, izungushie fito nne na kamba ya mkonge katikati ya urefu wake. Majani yatazificha, na mvua ikikatika, tikisa kila ua taratibu maji yamwagike.