Darasa jipya linajengwa shuleni kwenu? Ulizeni makaratasi

Malalamiko ya ujenzi wa shule yameongezeka sana ofisini kwetu na mengi yanafanana, utasikia mwalimu mkuu kala hela, kamati imempa kazi mtu wao, darasa limepelekwa kitongoji cha mwenyekiti. Ndo maana nimeombwa niandike kidogo kwa faida ya wote. Niseme mapema, siongelei shule yoyote ambayo ishu yake iko kwenye uchunguzi, hizo zina utaratibu wake.

Nianze na hili la kontrakta manake linanichosha. Mtu anapiga simu anasema "hakuna kontrakta pale, kuna mafundi wa hapahapa kijijini, kwaiyo hela zimeliwa". Hapana jamani. Ule ni utaratibu wa force account, yaani shule inanunua vifaa na kuwapa kazi mafundi yenyewe bila kontrakta, na uko kisheria. Mwaka 2021 serikali ilipopata ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3 yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (shule ndogo za msingi zilizo chini ya shule mama), kila darasa milioni 20, na kazi ilifanywa na mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa shule na mhandisi wa halmashauri. Kukosekana kwa kontrakta sio ushahidi wa wizi. Ila sasa, kukosekana kwa kontrakta hakumaanishi hakuna sheria, na hapa nawageukia wajumbe wa kamati na bodi za shule, wapo mnaofanya kama force account ni ruhusa ya kununua popote kwa bei yoyote.

Lazima ziwepo kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Aliyenunua asiwe ndo anayepokea. Unakuta mtu mmoja kaenda mjini kununua nondo, karudi nazo, kazihesabu mwenyewe, kasaini mwenyewe alafu kaingiza kwenye leja ya stoo mwenyewe, hata kama ni mwaminifu kiasi gani hakuna mkaguzi atakayemuelewa. Mapokezi ni hivi: mzigo unafika, kamati inaitwa kabla haujashushwa, wanahesabu wakiangalia oda na delivery note (karatasi ya muuzaji inayoorodhesha mzigo alioleta), wanapima unene wa bati na nondo, pungufu inaandikwa palepale, wote wanasaini, ndo unaingia stoo. Risiti ni ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, sio kikaratasi cha daftari. Na kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi wa mtandaoni, kwaiyo maneno ya "tulikuwa na haraka" hayatawasaidia.

Mjumbe mwenye duka la hardware, au ambaye shemeji yake ndo fundi anayeomba kazi, anatakiwa aseme kikaoni na atoke nje mpaka ajenda iishe, na muhtasari uandike kwamba katoka. Kukaa kimya kwenye kiti hakutoshi.

Alafu kuna uamuzi wa darasa likae wapi. Hapa naona wananchi mna haki kabisa ya kukasirika, manake mara nyingi kinachokosekana ni maelezo tu. Kamati imekaa, ina sababu nzuri, eneo la juu halituami maji na halina mgogoro wa ardhi, lakini muhtasari unasema mstari mmoja tu, "wajumbe waliridhia". Waliridhia nini? Kwa sababu gani? Eneo la pili lilikuwa lipi na kwa nini limeachwa? Watoto wa upande wa pili watatembea umbali gani? Andikeni hayo, bandikeni kwenye mbao za matangazo za shule na za ofisi ya kijiji, pamoja na kiasi kilichopokelewa na matumizi. Mkutano mkuu wa kijiji upo kila miezi mitatu, taarifa isomwe pale.

Swali ambalo karibu hakuna mzazi anayeliuliza ni la nguvu za wananchi. Mmechimba msingi, mmesomba mchanga na mawe, vizuri sana. Lakini kama BOQ, yaani orodha ya vifaa, kazi na gharama za ujenzi, ilikuwa tayari na hela ya mchanga na ya kuchimba msingi, ile hela iko wapi? Inatakiwa ibaki kwenye akaunti, kamati ikae, iamue iende kwenye nini, labda matundu ya vyoo au madawati, na iandikwe. Mimi kwa uzoefu wangu hapo ndo panapovuja zaidi kuliko kwenye bei ya saruji, na wananchi wanapapita wakikimbilia stori za gari jipya la mwalimu.

Adhabu sasa, manake kuna watu wanadhani ni kuhamishwa kituo tu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007: kupokea au kutoa hongo, kifungu cha 15, faini laki tano mpaka milioni moja au jela miaka mitatu mpaka mitano au vyote. Kutumia nyaraka za uongo kumdanganya mwajiri, kifungu cha 22, faini isiyozidi milioni saba au jela isiyozidi miaka mitano au vyote, na risiti ya kufoji inaangukia hapa. Ubadhirifu, kifungu cha 28, faini isiyozidi milioni kumi au jela isiyozidi miaka saba au vyote. Kwenye hongo aliyetoa naye anashitakiwa, fundi usijidanganye.

Mwenye lalamiko asiishie kwenye grupu la WhatsApp. Omba muhtasari na taarifa ya matumizi kwa barua, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 30. Ukinyimwa nenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Ukiona harufu ya rushwa piga TAKUKURU 113, ni bure. Taja shule, darasa lipi, tarehe, kifaa gani na ulichokiona kwa macho yako, na nakala ya barua uliyoomba uwe nayo mkononi.