UNITS haipunguzi desimali za vipimo vyako
Jamani hii nakutana nayo sana, mtu anaandika amri ya UNITS kwenye AutoCAD, ile programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, anaweka desimali 0, halafu anashangaa vipimo kwenye mchoro bado vinasoma 333.3333. UNITS inahusu koodineti (namba za mahali nukta ilipo) na namba unazosoma ukipima, ila vipimo vilivyoandikwa kwenye mchoro vinafuata staili yao wenyewe, kwa hiyo andika DIMSTYLE, bonyeza Modify, ingia Primary Units, hapo kwenye Precision ndo unachagua.

Na usidhani ukiweka 0 mstari umekuwa 333 kamili, hapana, mstari uko vilevile, kilichobadilika ni maandishi tu. Chukua dirisha la milimita 1000 uligawe sehemu tatu sawa: utasoma 333, 333, 333, fundi wa alumini akijumlisha anapata 999.