Acheni kuandika "familia haijakubali"

Juzi nimefungua faili la kijana mmoja, ukurasa wa pili nikakuta mwandiko wa mwenzetu: "Mama hajakubali ugonjwa." Basi, nukta. Hajakubali nini, alisema nini, aliambiwa nini na kwa dakika ngapi, hakuna. Mimi ni nesi wa wodi ya akili, miaka imekwenda, na hii sentensi nimeisoma mpaka imenikaa kooni, kwa hiyo leo mniache niseme.

Ile picha mnayofundishwa, kwamba familia inakaa mbele ya daktari, inasikia neno skizofrenia, ule ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini mambo yasiyo kweli, inapigwa butwaa, halafu inapanda ngazi moja moja mpaka "inakubali", mimi sijawahi kuiona. Hawa watu wameishi na huo ugonjwa ndani ya nyumba miezi, wengine miaka, kabla sisi hatujaupa jina. Mara nyingi unaanzia mwishoni mwa ujana au kwenye miaka ya 20 na kitu, na wengi hawaanzi na sauti wala vurugu, mtu anaanza tu kukwepa marafiki, haogi, anajifungia, masomo yanaporomoka, sasa kijana wa hivyo nani hamjui? Kila mtu anakwambia ni umri huo, utapita.

Kuna baba mmoja simsahau. Daktari kaeleza weee, dopamini ile kemikali ya ubongo, dozi, madhara ya dawa, tarehe ya kurudi kliniki, mzee kimya anakunja kofia yake anaikunjua, mwisho akauliza, "Kwa hiyo hakuwa mvivu?" Chumba kizima kikanyamaza. Miaka miwili alikuwa anamwita mwanae mvivu, siku moja akamtupia nguo nje. Maneno manne tu lakini ndani yake kuna nafuu ya kupata jibu na kuna majuto, vimemfikia kwa pamoja. Hebu niambieni hapo yuko ngazi ya ngapi?

Jina lenyewe nalo linatuponza. Daktari wa akili wa Uswisi, Bleuler, alilitunga mwaka 1908 kwa maneno ya Kigiriki ya kupasuka na akili, ndiyo maana mpaka leo familia inatoka kliniki ikiamini mgonjwa ana watu wawili ndani yake. Hapana, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Wajapani walilibadilisha jina lao mwaka 2002, familia zenyewe zilikuwa zinadai hivyo. Tuendelee.

Kinachonikera hasa ni hiki. Mwongozo mmoja wa kutambua magonjwa ya akili unataka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6 ndo useme skizofrenia, mwingine unasema mwezi 1 unatosha. Yaani mtu yuleyule, wiki ileile, kwa kitabu hiki anayo na kwa kile bado. Na tunajua kabisa wapo wanaoanza na jina hili halafu baadaye linageuka kuwa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, au kitu kingine. Daktari akisema "tusubiri kwanza tuone" tunamwita makini. Mama akisema "mna uhakika kweli?" tunaandika hajakubali! Swali ni lilelile jamani, tofauti ni nani kavaa koti jeupe.

Kusema ukweli hata mimi sijui wakati mzuri wa kulitaja hilo jina. Ukiwahi unaweza kumbebesha mtu mzigo ambao si wake, ukichelewa familia inaendelea kumwita mvivu. Nimefanya yote mawili na yote mawili nimewahi kuyajutia.

Halafu hii tabia ya kuitafutia familia kosa. Mwaka 1948 daktari wa akili Frieda Fromm-Reichmann aliandika kuhusu mama anayemsababishia mwanae skizofrenia kwa malezi yake, na wazo hilo likatesa akina mama miaka mingi. Limeshatupwa, lakini harufu imebaki. Baadaye zikaja tafiti zilizoanzia London miaka ya 1950 na mtafiti George Brown, kwamba mgonjwa akirudi kwenye nyumba yenye lawama nyingi, uhasama au kuhangaikiwa kupita kiasi, ugonjwa hurudi kwa urahisi zaidi. Hizi nazikubali, zimerudiwa sehemu nyingi. Shida ni namna tunavyozitumia. Jumatatu namwambia mama ahakikishe dawa inamezwa, aangalie usingizi, aangalie kama anaongea peke yake, Ijumaa namwambia, mama, usimfuatefuate sana. Afanye lipi? Mimi mwenyewe sina jibu safi, na aliyeniambia analo sikumwamini.

Na ndugu wa mgonjwa tunawasahau kabisa. Dada anakaa nyuma karibu na mlango, ndiye anayejua siku gani hasa kaka alianza kuziba dirisha kwa magazeti, hakuna anayemuuliza. Akitufuata kwenye korido anauliza swali moja kwa sauti ya chini, "Na mimi je?" Jibu lipo: ukiwa na ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu, hatari yako ni kama 1 kati ya 10, wakati kwa watu wengine ni karibu 1 kati ya 100, yaani wengi sana hawaupati. Dakika mbili zinatosha kusema hayo. Unakuta msichana kakaa nalo miaka, anahesabu siku zake za kuzaliwa kwa hofu.

Nirudi kwenye lile faili. Nilimtafuta yule mama, nikakaa naye kwenye benchi la nje, nikamuuliza tu ana maswali gani. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye pochi. Atapona? Atafanya kazi? Dawa ni mpaka lini? Ni mimi niliyemsababishia? Nilimjibu la mwisho kwanza. Kisha nikarudi wodini, nikachukua peni, chini ya ile sentensi nikaandika: "Mama ana maswali manne. Hakuwa ameulizwa."