Je, wajua? Kanada inaweza kuridhia mkataba alafu bunge lake likakosa nguvu ya kuutekeleza

Wengi tunajua serikali ikishasaini mkataba wa kimataifa basi bunge linatunga sheria, kazi imeisha. Kanada haiko hivyo. Kule kama jambo lenyewe kikatiba ni la majimbo, bunge la shirikisho kule Ottawa, mji mkuu, haliwezi kuligusa hata kama Ottawa ndo iliyosaini.

Chanzo ni 1935, uchumi umeporomoka, ajira hakuna, Waziri Mkuu R.B. Bennett akapitisha sheria tatu za kazi: mapumziko ya wiki, kikomo cha masaa ya kazi na kima cha chini cha mshahara, akisema hii ni mikataba ya Shirika la Kazi Duniani na sisi tumeiridhia. Mwaka huohuo akashindwa uchaguzi, aliyempokea, Mackenzie King, akazipeleka zile sheria mahakamani zipimwe. Mahakama ya Juu majaji wakagawana tatu kwa tatu, ikabidi ziende London maana enzi hizo rufaa ya mwisho ya Kanada ilikuwa inaamuliwa Uingereza, na 1937 majaji wa kule, Lord Atkin na wenzake, wakazifuta zote.

Hoja yao ilikuwa kwamba mambo ya ajira ni ya majimbo, na Ottawa haiwezi kujiongezea madaraka kwa sababu tu imewaahidi wageni. Mi naona ina mantiki, vinginevyo ukitaka kulinyang'anya jimbo kitu chochote unatafuta tu nchi ya kusaini nayo. Shida nyingine ni katiba yenyewe ya 1867, kifungu cha 132 kinaipa Ottawa nguvu kwenye mikataba ya Dola ya Uingereza tu, yani nani angewaza kwamba koloni litakuja kujisainia lenyewe?

Australia nao walitoka kwa Mwingereza huyohuyo ila katiba yao inalipa bunge la shirikisho "mambo ya nje" waziwazi. 1983 jimbo la Tasmania lilitaka kujenga bwawa la umeme mto Gordon, lingezamisha bonde la mto Franklin ambalo lilishaingia Urithi wa Dunia, serikali ya shirikisho ya Waziri Mkuu Bob Hawke ikatunga sheria ya kulizuia ikitegemea mkataba wa UNESCO. Mahakama Kuu ikaipa ushindi, majaji wanne kwa watatu. Bwawa halikujengwa.

Kanada msimamo wa 1937 upo mpaka leo, ndo maana 2009 Umoja wa Ulaya walipoanza kujadiliana nao biashara walitaka majimbo yawepo mezani kabisa, kwa sababu tenda za majimbo ndo walikuwa wanazitolea macho na Ottawa peke yake isingeweza kuwaahidi.