Fomu ya Kuingiza Data: Ni Nini, na Kuirekebisha Maana Yake Nini

Mteja amesimama kaunta katika duka la vifaa vya ujenzi. Ni fundi, anataka mabati thelathini ya geji 30, rangi ya bluu. Keshia anafungua programu ya mauzo, na kabla hajafika kwenye mabati programu inadai anwani ya barua pepe ya mteja. Fundi hana barua pepe, au anayo na haikumbuki. Nyuma yake foleni inarefuka. Keshia anaandika a@a.com, programu inaridhika, mauzo yanaendelea. Mwisho wa mwaka mwenye duka anafungua orodha ya wateja wake na kukuta wengi wana anwani hiyo hiyo moja.

Keshia si mvivu wala si mwongo. Aliulizwa swali lisilo na jibu na akanyimwa njia ya kulipita. Swali lenyewe liliwekwa pale na aliyetengeneza fomu.

Fomu ya kuingiza data ni ile sehemu ya programu ambapo mtu huandika taarifa ili zihifadhiwe: mteja mpya, mauzo ya leo, mzigo ulioingia stoo. Nyuma yake kuna hifadhidata, yaani majedwali yaliyopangwa kwa safu kama daftari kubwa la hesabu. Kwa kawaida kila kisanduku cha fomu kina safu yake kwenye jedwali, na ukibonyeza "Hifadhi" majibu yako yote huingia kama mstari mmoja mpya. Wengi huichanganya fomu na ankara au risiti inayochapishwa. Hivyo ni vitu viwili: fomu hupokea, ankara hutoa. Unaweza kubadilisha sura ya ankara mara kumi bila kuigusa fomu.

Umbo hili la visanduku limetoka mbali. Kabla ya skrini, data za biashara zilitobolewa kwenye kadi ngumu za karatasi. Kadi ya kampuni ya IBM ya mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, na kila taarifa ilitengewa safu zake kadhaa, basi. Skrini za IBM 3270 zilizoanza mwaka 1971 zilieneza mtindo wa kujaza fomu kwenye kioo, zikiwa na upana ule ule wa herufi 80. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili tu, na uamuzi huo mdogo ndio uliokuja kuigharimu dunia nzima fedha nyingi kurekebisha mifumo kabla ya mwaka 2000, kwa kuwa kompyuta ingesoma 00 kama 1900.

Kisanduku kimoja kina mambo kadhaa ndani yake: lebo inayoonekana, aina ya jibu, jibu la awali (linalokuja limeshajazwa), masharti ya uhakiki, na kama ni cha lazima au la. Aina ya jibu ndiyo hukosewa kimyakimya. Chukua namba ya simu. Kwa kuwa inaitwa namba, mtu huweka kisanduku cha aina ya namba, na 0754 na kuendelea inahifadhiwa kama 754 na kuendelea, kwa sababu sifuri ya mbele haina thamani kwenye hesabu. Simu ni maandishi. TIN ya Tanzania, yaani namba ya mlipakodi yenye tarakimu 9, nayo ni maandishi. Hakuna atakayejumlisha TIN mbili. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20 zinazoanza na tarehe ya kuzaliwa, na ukiiandika kwenye Excel kama namba, Excel hutunza tarakimu 15 za mwanzo na kuzigeuza tano za mwisho kuwa sifuri. Taarifa imeharibika na hakuna onyo lolote lililotokea.

Uhakiki ndio kinga. PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi nchini Kenya, ina herufi na tarakimu 11: huanza na A kwa mtu binafsi au P kwa kampuni, kisha tarakimu tisa, kisha herufi moja. Fomu ikijua hivyo itamkatalia palepale aliyesahau herufi ya mwisho, wakati mteja bado yupo mbele yake na anaweza kuulizwa tena. Mhasibu akiligundua kosa hilo mwezi ujao, mteja ameshaondoka.

Tarehe na saa zina mitego yake. Programu iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani husoma 03/04 kama tarehe nne Machi, sisi tunasoma tarehe tatu Aprili, na zote mbili ni tarehe halali kwa hiyo kompyuta haiwezi kushtuka. Saa ndiyo ngumu zaidi. Mtunza stoo aliyepokea saruji saa mbili asubuhi, ukimpa kisanduku kitupu cha "Muda", ataandika 2:00, na ripoti itaonyesha lori lilishusha mzigo usiku wa manane. Hajakosea, amesema saa kama watu wanavyoisema. Dawa ni programu ijaze muda yenyewe pale anapobonyeza "Nimepokea", au kisanduku kimwonyeshe asubuhi, mchana, jioni na usiku achague.

Sasa turudi kwenye neno "lazima", kwa maana hapo ndipo fomu nyingi huharibika. Anayeagiza fomu hukaa ofisini na kila taarifa inamvutia: jinsia ya mteja, mtaa, alisikia wapi habari za duka. Anaweka alama ya lazima kila mahali akiamini atapata data kamili. Atapata visanduku vilivyojaa, ambalo ni jambo jingine kabisa. Watu wakibanwa huandika "xxx", "0000000000", "hana", au huchagua chochote kilicho juu kwenye orodha. Kisanduku kitupu kinakueleza kwamba taarifa haikupatikana, nawe unaweza kuitafuta. "xxx" imekunyima hata hilo, na jibu la kwanza kwenye orodha ni baya kupita yote kwa sababu linafanana na ukweli. Kwa maoni yangu kisanduku kiwe cha lazima pale tu ambapo bila jibu lake kazi yenyewe haiwezi kufanyika. Kuuza bila kiasi na bei haiwezekani. Kuuza bila barua pepe inawezekana kila siku.

Jibu la awali hupunguza kazi, ila lisifungwe ndani ya fomu kama jiwe. Mwaka 2020 Kenya iliishusha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili mosi, kisha ikairudisha 16 Januari 2021. Fomu inayosoma kiwango kutoka sehemu moja ya mipangilio hubadilishwa mara moja tu, na kila mauzo hubaki na kiwango cha siku yake. Aliyekiandika kiwango ndani ya kila fomu hana budi kuzipitia zote, mara mbili ndani ya mwaka.

Kurekebisha fomu ni kuichukua ile iliyokuja na programu na kuifanya ifanane na kazi yako. Programu za kuendesha biashara kama ERPNext na Odoo zinaruhusu hili kwenye skrini, bila kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. Muuza mabati anaongeza kisanduku cha geji, chenye orodha ya 28, 30 na 32, kwa sababu aliyebuni programu hakujua kuwa namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba na bei inashuka. Anaficha visanduku asivyovitumia. Anabadilisha lebo ya Kiingereza iwe "Mteja". Anaweka sharti kwamba "Siku za mkopo" ionekane tu pale aina ya malipo inapokuwa mkopo, hivyo anayepokea fedha taslimu hakioni kabisa. Anapanga visanduku vifuate mpangilio wa hati ya mzigo ya karatasi, ili mtunza stoo asome na kuandika kutoka juu kwenda chini bila macho kurukaruka.

Kuna tahadhari chache hapa. Lebo na jina la ndani la kisanduku ni vitu tofauti: lebo ibadilishe upendavyo, lakini jina la ndani linategemewa na ripoti na hesabu, ukiligusa zinakatika. Kuficha ni salama kuliko kufuta, maana data za miaka iliyopita hubaki mahali pake. Na usikubali fundi wa programu aingie kwenye msimbo wa asili kubadilisha kitu ambacho skrini ya marekebisho inakiweza. Toleo jipya likija, marekebisho ya skrini kwa kawaida huhama nalo, ya kwenye msimbo hufutika.

Sheria nayo sasa inaingia ndani ya fomu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zinataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kusudi linaloeleweka. Duka linaloomba namba ya NIDA ya mtu anayenunua kilo mbili za misumari limejibebesha mzigo wa kuilinda namba hiyo bila faida yoyote.

Fomu ikishaanza kutumika, usiiache. Simama nyuma ya keshia siku yenye wateja wengi utazame mkono wake unasita wapi. Kisha, baada ya mwezi, fungua data usome yaliyoandikwa kwenye kila "Mengineyo", pale mtu anapoandika jibu lisilo kwenye orodha. Ukikuta "analipa nusu, nusu mzigo ukifika" imejirudia mara arobaini kwenye aina ya malipo, hiyo iongeze kwenye orodha, na uiweke juu.